Cadillac zilipunguzwa mara mbili, si mara moja

Cadillac De Ville ya mwaka 1976, gari la kifahari la Kimarekani, ina urefu wa mita 5.86. Ya 1977 ina mita 5.62. Ya 1985 ina mita 4.95. Jina lile lile, nembo ile ile, na mnunuzi yule yule: bwana aliyekwisha kupata, anayetaka na jirani ajue. Ndani ya miaka tisa gari lake lilikatwa sentimita 91.

Kazi yangu ni kufufua magari ya Kimarekani ya miaka ya sabini na themanini hapa Ohio, kwa hiyo wenye magari haya ndio ninaoshinda nao gereji. Hakuna mada inayowagawa kama hii. Mmoja atakuapia kwamba kupunguza ukubwa ndiko kulikoiua Cadillac. Mwingine, mwenye De Ville ya 1978, atakwambia halijatengenezwa gari tamu kuliko lake, nalo ni moja ya hayo hayo yaliyopunguzwa. Wanabishana kana kwamba wanazungumzia jambo moja. Mimi naona ni mawili. Upunguzaji ulifanyika mara mbili, kwa akili mbili tofauti, na madhambi ya mara ya pili yamebandikwa hata kwa mara ya kwanza.

Kwanza sheria, maana wengi hudhani ilikuwa bei ya mafuta tu. Ni kweli kwamba Oktoba 1973 nchi za Kiarabu ziliizuia Marekani mafuta, na foleni zikajaa vituoni. Lakini mnunuzi wa Cadillac hababaishwi na bei ya galoni moja. Yeye angeendelea kununua. Aliyebanwa hasa ni kiwanda. Desemba 1975 Rais Gerald Ford alitia saini sheria ya nishati iliyoitaka kila kampuni ifikie kiwango cha wastani: magari yote ya abiria inayouza Marekani yachanganywe kwenye hesabu moja, na kuanzia matoleo ya 1978 wastani wake uwe maili 18 kwa galoni, kama kilomita 7.6 kwa lita. Kufikia 1985 wastani ulitakiwa uwe maili 27.5, kama kilomita 11.7 kwa lita. Kampuni ikipungukiwa, faini ilikuwa dola 5 kwa kila sehemu ya kumi ya maili iliyopelea, mara idadi ya magari yote iliyouza mwaka huo.

Tanzania injini kubwa huongezewa ushuru wa bidhaa. Mwenye gari analipa, yamekwisha. Marekani nao waliweka kodi ya gari moja moja linalokunywa sana, ila hiyo ilianza na matoleo ya 1980. Mzigo mkubwa ulikuwa ule wastani. Kila Cadillac ya lita 8.2 ambayo ingeuzwa ingeivuta chini General Motors nzima, kampuni mama ya Cadillac na Chevrolet, na ingebidi Chevrolet ndogo kadhaa ziuzwe ili kufidia. Tajiri aliyekuwa tayari kulipia mafuta yake hakuwa na namna ya kulipa akaachwa na gari lake kubwa, kwa kuwa deni halikuwa lake peke yake.

General Motors ilianza kuchora magari mapya hata kabla ya sheria hiyo, mara tu baada ya mafuta kuzuiwa. Matokeo yakatoka mwaka 1977, na yalikuwa kamari kubwa: magari yote makubwa ya kampuni, kuanzia Chevrolet Impala na Caprice hadi Cadillac, yalipunguzwa kwa mpigo. De Ville ilipoteza sentimita 24 za urefu na karibu kilo 400 za uzito. Injini ikashuka kutoka lita 8.2 hadi lita 7.0. Hapo ndipo mtu husema "wameiharibu". Lakini tazama nguvu: kutoka farasi 190 hadi 180. Umepunguza farasi kumi, umepunguza na mzigo wa kilo mia nne. Gari jipya likawa jepesi kuondoka, na kwenye kona halikuyumba kama la zamani.

Simama ubavuni mwa De Ville ya 1977 uone walichokata. Mbavu zilizotuna zimeingizwa ndani na kunyooshwa, kwa hiyo mlango umepungua unene lakini bega la abiria liko pale pale. Paa limeinuliwa kidogo, kioo kimesimama zaidi, na aliyekaa nyuma bado anakunja nne bila kugusa siti ya mbele. Kisha tazama walichoacha: boneti ndefu ya bapa, grili iliyosimama wima, taa za nyuma nyembamba zilizochongwa kama mabaki ya yale mapezi ya miaka ya hamsini. Chini, chesisi ni ya peke yake, haikuunganishwa na bodi kuwa kitu kimoja, V8, yaani injini ya silinda nane, imelala kwa urefu, propela inakwenda nyuma kwenye difu. Ukilisogelea kutoka hatua hamsini, huulizi ni gari gani.

Wanunuzi walilipokea. Toleo la 1977 ndilo lililoivusha Cadillac magari 350,000 kwa mwaka kwa mara ya kwanza. Jarida la Motor Trend nalo likaipa Chevrolet Caprice tuzo ya gari la mwaka. Wasomaji wangu wa Muscat hawahitaji kusimuliwa habari za Caprice; gari hilo lilipendwa Ghuba nzima, na lile la miaka ya themanini wanalolikumbuka ni la mchoro huu huu uliopunguzwa. Sijawahi kumsikia mtu wa Ghuba akilalamika kwamba Caprice ni ndogo.

Si wote walioridhika, na siwezi kuwaita wajinga. Ford waliiacha Lincoln, chapa yao ya kifahari, iwe kubwa miaka mitatu zaidi: Lincoln Continental ya 1979 ina mita 5.92, ndefu kuliko hata ile Cadillac ya 1976. Waliotaka urefu kwa ajili ya urefu walihamia huko, na ukiliendesha mojawapo leo kwenye barabara iliyonyooka utawaelewa. Mwaka 1980 Lincoln nayo ikakatwa, ikashuka hadi mita 5.56.

Wanaosema gari dogo haliwezi kuwa la kifahari wanaisahau Seville. Cadillac waliitoa Mei 1975, ikiwa na mita 5.18 tu, bei dola 12,479. Ukiacha yale malimuzini, ndiyo iliyokuwa Cadillac ghali kuliko zote, na wakati huohuo ndiyo ndogo kuliko zote. Ikauzika vizuri. Asili yake ni muundo wa chini wa Chevrolet Nova, gari la mtu wa kawaida, lakini walilibadilisha mno hata ukiyaweka pamoja huoni undugu. Lincoln wakajibu kwa Versailles ya 1977, iliyotokana na Ford Granada, na mbele ya duka kila mtu aliiona Granada. Haikufika mbali. Mwaka 1982 Cadillac wenyewe wakalifanya kosa la Versailles: wakaichukua Chevrolet Cavalier, wakaivika ngozi na nembo, wakaiita Cimarron. Injini lita 1.8, silinda nne, farasi 88. Ukubwa wa Cimarron si hoja sana kwangu. Mteja alilipa karibu dola 12,000 kisha akaegesha kazini kando ya karani mwenye gari lile lile.

Hiyo Cimarron ilikuwa dalili ya zamu ya pili. Mapinduzi ya Iran ya 1979 yalipandisha mafuta tena, na viwandani wakaamini kwamba kufikia katikati ya miaka ya themanini galoni moja itafika dola 3. Gari huchukua miaka minne mitano kutoka kwenye karatasi hadi dukani, kwa hiyo magari ya 1985 na 1986 yalichorwa na watu waliokuwa na hofu ya 1980.

Injini zilitangulia kuumia. Mwaka 1981 ilikuja V8 ya lita 6.0 inayozima silinda mbili au nne gari likiwa halina mzigo. Wazo zuri, na leo linatumika kwenye magari mengi, lakini kompyuta za wakati ule hazikuwa na kasi ya kuliendesha. Gari lilikuwa likishtuka na kusitasita. Dizeli ya lita 5.7 iliyotoka Oldsmobile, chapa nyingine ya General Motors, ilikuwa na bolti za hedi zisizohimili mkandamizo wa dizeli, na haikuwekewa kichujio cha kutenga maji kwenye mafuta. Kisha 1982 ikaja ile ya lita 4.1: bloku ya alumini, hedi za chuma, farasi 125. Metali mbili zinazotanuka kwa viwango tofauti zinaisaga gasketi iliyo katikati, maji ya rejeta yanapata njia ya kuingia kwenye oili, na ikishafikia hapo beringi hazina maisha. Na farasi 125 ndani ya gari la karibu tani mbili ni uchovu mtupu, hata injini ikiwa nzima.

Ndipo likaja lenyewe. De Ville ya 1985 iliachana na chesisi ya peke yake, injini ikageuzwa ikakaa kwa ubavu, na tairi za mbele ndizo zikawa zinavuta. Kihandisi, kazi nzuri. Ndani nafasi ilibaki karibu ile ile ya gari la mita 5.62, na hilo si jambo dogo. Ila boneti ilifupishwa mno, bodi yenyewe ilitumiwa pia na Buick Electra na Oldsmobile Ninety-Eight za kampuni hiyo hiyo, na ukiwa ng'ambo ya barabara hujui lipi ni lipi. Lincoln waliliona hilo wakatoa tangazo la televisheni: wateja wanatoka, mhudumu analeta magari, na wenye Cadillac, Buick na Oldsmobile wanagombania lipi la nani, huku mwenye Lincoln Town Car akilitambua lake tangu kwa mbali. Mwaka 1985 Town Car, gari la chesisi ya peke yake linalosukumwa na tairi za nyuma, lililobaki kubwa, iliuza zaidi ya 100,000.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Eldorado, Cadillac ya milango miwili. Ile ya 1985 ilikuwa na mita 5.18, ya 1986, mita 4.78, urefu wa kukaribiana na magari ya bei ya chini ya kampuni hiyo hiyo, kwa dola 24,000 hivi. Mauzo yakatoka zaidi ya 76,000 yakaangukia 21,000 na kitu. Ndugu yake, Buick Riviera, akatoka 65,000 hadi 22,000. Na mwaka huo huo wa 1986 bei ya mafuta duniani ikaporomoka. Gari lililojengwa kwa ajili ya galoni ya dola 3 likakuta galoni haifiki hata dola moja sehemu nyingi za Marekani.

Kiwanda kilikiri kwa vitendo. Mwaka 1988 Eldorado ikarefushwa sentimita 8, na 1989 De Ville ya milango minne ikarudishwa hadi mita 5.21. Sehemu kubwa ya urefu huo haikwenda kwenye siti; walirudisha buti na mkia ili gari lionekane Cadillac. Muda wote huo ile Cadillac Brougham kubwa inayosukumwa na tairi za nyuma, mchoro wa 1977, haikuondolewa sokoni hadi 1992, kwa sababu wenye maziko, wenye malimuzini na wazee wakaidi hawakukubali kuiacha.

Hata hivyo gari la 1985 lina watetezi wake, na si wachache. Bibi mmoja mteja wangu hataki kusikia habari za Brougham. Theluji ikianguka, anasema, Cadillac ya mumewe ya tairi za nyuma ilikuwa inakaa gereji mpaka Machi, hii inayovutwa na tairi za mbele inampeleka kanisani. Inaingia kwenye maegesho bila mtu wa kumwelekeza. Alichokuwa akinunua yeye ni starehe ya siti na ukimya wa ndani, na hivyo havikupunguzwa. Mumewe alikuwa akinunua boneti. Ukikaa nao meza moja unaona kwamba hakuna anayesema uongo.

Kama unafikiria kununua mojawapo leo, ushauri wangu ni huu. De Ville za 1977 hadi 1979 zenye lita 7.0 chukua bila woga mkubwa; angalia kutu, na zile plastiki za kujazia kati ya bampa na bodi, ambazo hupasuka kwa uzee, lakini mpya zinatengenezwa. Ya 1981 usiikimbie kwa sababu ya zile silinda za kuzima: waya mmoja ukichomolewa inabaki V8 ya kawaida siku zote, na ni injini ngumu. Dizeli ichukue tu ikiwa imeshabadilishiwa injini ya petroli. Za lita 4.1, kuanzia 1982 hadi 1987, vuta kijiti cha oili kabla hujaongea bei. Ukiipenda ile ndogo, subiri De Ville ya 1991 hadi 1993 yenye lita 4.9 na farasi 200. Ni bodi ile ile iliyolaaniwa, ikiwa imerefushwa na kupewa injini iliyostahili kuwa nayo tangu mwanzo, na bei yake bado iko chini.