Kupimwa misuli, mifupa na viungo: daktari hutafuta nini?

Mtu wa Mombasa akiumwa goti, la kwanza analolitaka ni eksirei. Akiulizwa maswali, akashikwashikwa mguu na kuambiwa atembee mpaka mlangoni arudi, hutoka akinung'unika kwamba hakupimwa. Kumbe hapo ndipo alipopimwa. Uchunguzi wa misuli, mifupa na viungo ni kazi ya masikio, macho na mikono. Picha huja baadaye, na mara nyingi haihitajiki. Hata uti wa mgongo wa mtu mzima asiyeumwa popote huweza kuonekana pichani umelika.

Maswali hayaulizwi kupoteza wakati. Hamali wa soko la Kongowea anayeumwa mgongo ataulizwa: yalianza ulipoinua gunia, au yaliingia polepole? Yanashuka mguuni? Asubuhi, mzee wangu, mwili hukaza kwa muda gani? Viungo vinavyopitisha nusu saa kabla ya kulegea humfanya daktari awaze baridi yabisi. Vilivyolika kwa umri hulegea upesi, ila huuma kadiri vinavyotumika. Na huku Pwani, ambako selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, si ngeni, kijana mwenye maumivu ya mifupa yanayojirudia huulizwa pia kama ukoo wao una ugonjwa huo.

Kisha mwili wenyewe: kutazama, kupapasa, kusogeza. Hutazamwa mwendo, uvimbe na misuli iliyosinyaa, upande mmoja ukilinganishwa na wa pili. Hupapaswa joto na mahali hasa panapouma. Kwenye kusogeza ndiko mengi hufichuka. Mgonjwa huambiwa ainue mkono mwenyewe, halafu daktari humwinulia. Akishindwa mwenyewe lakini kwa daktari ukapanda bila kukwama, shaka huenda kwenye kano, misuli au neva. Ukikwama mara zote mbili, huenda kiungo chenyewe kimekaza, kama bega lililoganda, ambalo huwaandama sana wenye kisukari. Nguvu za misuli hupewa alama 0 hadi 5: 0 msuli haushtuki kabisa, 3 unainua kiungo lakini haustahimili kukinzwa, 5 uko sawa.

Ukienda na goti ukajikuta unageuzwageuzwa nyonga, usione umekosewa. Nyonga na goti huchangia neva, kwa hiyo ugonjwa wa nyonga huweza kusikika gotini, hasa kwa watoto. Mtoto anayechechemea akapigwa picha ya goti tu, itatoka safi na ugonjwa ubaki palepale.

Yapo majibu yanayobadilisha safari nzima. Mgongo unaouma pamoja na ganzi sehemu za siri, au mkojo kuzuilika au kutoka wenyewe, ni dharura ya siku hiyohiyo. Vivyo hivyo kiungo kimoja kilichovimba ghafla, chenye moto na homa juu yake: hicho hutiwa sindano kutolewa maji yakapimwe, kwani usaha ukikaa ndani siku chache tu huila gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa.