Homolojia: goti la heroe liko wapi?

Mtazame heroe mdogo akitembea kwenye maji ya Ziwa Natron, utaapa kuwa magoti yake yanapinda kinyumenyume. Sivyo. Kiungo unachokiona katikati ya mguu ni kifundo. Goti lenyewe liko juu, limejificha ndani ya manyoya karibu na tumbo, na hupinda kama la sokwe wa Gombe, au lako wewe.

Viungo vya wanyama wawili huwa na homolojia vikiwa vimetokana na kiungo kilekile cha babu yao mmoja, hata kama leo havifanani wala havifanyi kazi moja. Babu wa ndege na mamalia aliishi zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, kwa hiyo umbo la nje halikusaidii sana. Anzia nyonga, ushuke ukihesabu: fupaja, goti, muundi, kifundo, wayo, vidole. Sokwe hukanyaga kwa wayo mzima, kisigino kikiwa chini. Heroe husimama juu ya vidole. Mifupa ya wayo wake imeungana ikawa fimbo moja ndefu, na hiyo ndiyo watu huidhania muundi. Mwaka 1555 Mfaransa Pierre Belon alichora kiunzi cha mtu kando ya cha ndege, akaweka herufi zilezile kwenye mifupa inayolingana.

Kuku wa jikoni anatosha kwa jaribio hili. Unapokatia ile miguu yenye magamba ni kwenye kifundo. Goti ni kiungo kinachofuata kwa juu. Kando ya mfupa wa muundi kuna kijifupa chembamba kama sindano, kinachoishia njiani. Kwa sokwe mfupa huo ni kamili na unafika kifundoni.

Wengi hukwama kwenye analojia, yaani ufanano wa kazi usiotokana na urithi. Sokwe naye husimama kwa miguu miwili mara mojamoja, lakini hakurithi mkao huo pamoja na heroe. Popo anachanganya zaidi: bawa lake na la heroe yana homolojia kama mikono, ila kama mabawa ni analojia tu. Babu yao alikuwa na mikono, hakuwa na mabawa. Popo alitandaza ngozi juu ya vidole virefu, ndege akapunguza vidole vikabaki vitatu na kuotesha manyoya.