Refa hawi "bias"

Juzi kwenye banda la mpira hapa Kirumba tulinyimwa penalti, na kaka mmoja nyuma yangu akapasua sauti: "Refa bias huyu, anatuchukia!" Nikanyamaza. Ukimsahihisha mtu Kiingereza wakati timu yake inafungwa, unatafuta ngumi. Ila ilikuwa mara ya tatu wiki hiyo.

"Bias" ni kuelemea upande mmoja pale unapotakiwa kusimama katikati. Basi. Ni jina la hali, kwa hiyo refa ana "bias", au refa ni "biased". Hiyo "-ed" haisikiki vizuri mtu akitamka haraka, ndiyo maana tunaidondosha hata kwenye kuandika.

Hilo nasamehe. Linaloniudhi ni kuligeuza neno hili kuwa chuki. Waingereza walilitoa kwa Wafaransa, "biais", yaani mshazari. Mpaka leo fundi cherehani akikata kitambaa mshazari ili sketi ianguke vizuri, kwa Kiingereza amekata kwa "bias". Karne ya 16 likaingia kwenye mchezo wao wa kuviringisha matufe kwenye nyasi. Tufe lile hutengenezwa upande mmoja umezidi makusudi. Hata ulisukume limenyooka namna gani, likianza kuchoka linapinda, na linapinda upande uleule kila mara. Linamchukia nani?

Kumhukumu mtu kabla hujamjua kuna neno lake, "prejudice", na kwa Kilatini cha asili ni hivyohivyo: hukumu iliyotangulia. Mwenye hiyo ameshaamua. Mwenye "bias" huenda hajui kabisa kwamba anapinda.

Tafsiri ya "upendeleo" inafaa mara nyingi, lakini upendeleo unataka mtu anayependelea. Pale soko la samaki la Mwaloni nilimwonyesha mama wa sato kwamba mshale wa mzani wake umeshavuka sifuri kabla hajaweka samaki. Akaugonga kidogo, haukurudi. "Unavuta kwa wote, mwanangu," akasema, "hata baba watoto nikimpimia." Mzani ule una "bias", na haumpendelei mtu. Nililipa, nikaongezewa kasamaki kadogo.

Kwa hiyo, kaka yangu wa bandani, penalti ile hata mimi niliiona. Sema refa ana "bias", nitakuunga mkono. Hilo la kutuchukia ni shtaka jingine, nalo lina neno lake.