Gemu za Mtu Asiye na Muda

Wateja wa hapa Ngamiani, Tanga, wakishalipa na kufunga mashine yao kwenye mfuko, swali huwa ni lile lile: "Fundi, wewe mwenyewe unacheza nini siku hizi?" Kijana anayeuliza anategemea nimtajie gemu mpya yenye picha kali. Mimi namuuliza kwao umeme ukoje na anaishi na nani. Wengi hudhani nawatania.

Sitanii, mgosi. Kutwa nzima niko na pasi ya kuchomelea mkononi, natengeneza pedi za kuchezea na mashine za gemu. Jioni kuna madaftari ya watoto. Runinga ya sebuleni ina wenyewe mpaka tamthilia iishe. Baada ya isha ndipo napata saa yangu moja, na ikizidi sana ni moja na nusu. Kwa mtu wa namna hii uzuri wa picha unakuja nyuma. La kwanza ni kujua gemu ikikatizwa inakuwaje.

Na kukatizwa kuko kwa namna mbili. Kuna kukatizwa na watu: mtoto kaamka, jirani anapiga hodi, bibi anaita kutoka uani. Na kuna kukatizwa na umeme. Gemu inaweza kuwa hodari kwa hili na hovyo kabisa kwa lile, na sijaona tangazo la gemu linalokuambia iko upande gani.

Tuanze na mashine yenyewe. Unapocheza, kila kinachotokea sasa hivi (uliposimama, adui aliyebaki, risasi ulizo nazo) kimo kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya mashine. RAM ina kasi sana, lakini bila umeme haishiki kitu. Kusevu ni kuyachukua yale ya muhimu tu na kuyaandika kwenye diski au kadi, ambako yatabaki hata uchomoe waya. Ndiyo maana faili la kusevu ni dogo. Kadi ya kumbukumbu ya PS2 (PlayStation 2), mashine ya mwaka 2000, ilikuwa na MB 8 tu, na watu walikaa nayo misimu na misimu ya ligi, usajili ndani yake na kila kitu.

Sasa wengi wananaswa na ule usingizi wa mashine. Ukiilaza PS4 au PS5 unaona taa ya rangi ya chungwa, unaenda zako kulala ukijua gemu iko salama. Haijaandikwa popote. Imebaki kwenye RAM, na RAM inalishwa umeme kidogo kidogo usiku kucha. Umeme ukipotea saa nane za usiku, asubuhi unakuta mashine inakugombeza kwamba hukuizima vizuri, na gemu inaanza pale iliposevu mara ya mwisho. Usingizi ni dawa ya watu, si dawa ya umeme. Xbox Series X na S zina njia nyingine: hali nzima ya gemu inaandikwa kwenye diski yake, SSD, hivyo hata ukichomoa waya, ukirudi unaendelea ulipoachia. Nintendo Switch ni ya mkononi, ina skrini na betri yake, umeme wa ukutani hauihusu mpaka chaji iishe. Mimi usiku mwingi nimeishia kwenye Switch, na faida ya pili ni kwamba sigombanii runinga na mtu.

Chukua Elden Ring, ile ya FromSoftware ya mwaka 2022. Watu wazima wenzangu wanaiogopa kwa sababu haina kusimama. Ukifungua menyu, jitu lililo mbele yako linaendelea na shughuli zake, na shughuli zake ni kukuua. Mtoto akiita "baba!" katikati ya vita, umekwisha. Lakini gemu hiyo hiyo inasevu yenyewe kila wakati, kimya kimya. Umeme ukikatika ukiwa njiani juu ya farasi, ukirudi uko pale pale au hatua chache nyuma. Kwa nyumba yenye umeme wa mashaka na watoto waliolala fofofo, ni gemu nzuri kuliko inavyosemwa. Kwangu mimi watoto hawalali fofofo, basi inachezwa Ijumaa usiku tu, wakiwa kwa bibi yao Makorora.

Stardew Valley iko kinyume chake. Ni kazi ya mtu mmoja, Eric Barone, ilitoka mwaka 2016: unarithi shamba, unapanda, unavua samaki, unaoa. Ukicheza peke yako, ukifungua menyu muda unasimama. Hodi ipigwe, chai iletwe, mazao yanakusubiri. Ila haisevu mpaka mhusika wako aende kulala, na siku moja ya humo ni kama dakika 14 za kwetu. Umeme ukikatika jioni ya huko shambani, siku yote hiyo haikuwepo: samaki uliyemsotea, zawadi uliyompelekea mtu, vyote vimefutika. Nyumba ya watu wengi yenye umeme tulivu, chukua hii.

Mpira unafeli kote kuwili. Namaanisha kucheza mtandaoni, kwenye EA Sports FC, ambayo mtaani bado tunaiita FIFA ingawa jina hilo liliachwa baada ya FIFA 23. Mpinzani wako hawezi kukusubiri umwogeshe mtoto, na ukitoweka unahesabiwa umefungwa. Mimi mpira nimeurudisha kibandani, kwa kukaa bega kwa bega, aliyefungwa anaachia pedi. Hapo umeme ukikatika mnacheka wote, mnabishana nani angeshinda. Coastal Union, timu yetu ya Tanga, haimo humo mpaka leo, kwa hiyo hata mtu wa Barabara ya 12 aliyezaliwa akiusikia uwanja wa Mkwakwani ukipiga kelele analazimika kuchukua Arsenal ya watu.

Iliyoniteka zaidi ni Hades ya Supergiant Games, ya mwaka 2020. Zagreus, mtoto wa mungu wa kuzimu, anataka kutoroka kwao. Anapigana chumba hadi chumba, akifa anarudi nyumbani anaanza upya, na safari nzima ni kama nusu saa. Uhodari wake ni kwamba kufa hakukupotezei muda. Kila ukirudi, watu wa nyumbani wana maneno mapya, hadithi inasonga kwa sababu umefeli. Na inasevu ukiingia kila chumba. Ni kama bao la kete barazani: mtu anaacha kete shimoni, anaenda kuswali alasiri, akirudi mtaji wake anaukuta ulivyo.

Hades II ilikamilika Septemba 2025, safari hii na dada yake, Melinoë. Ni kubwa kuliko ya kwanza na mapigano yake ni matamu. Lakini kuna majani ya kuchuma, bustani ya kupanda, madini ya kuchimba, chungu cha kuchanganyia dawa. Nikitoka kazini sitaki kazi nyingine. Wenye muda wataipenda kuliko ya kwanza, nami siwakatazi. Kwa saa yangu moja, ya kwanza bado inaongoza.

Kwenye simu nina Balatro, ya mwaka 2024, ya msanidi mmoja wa Kanada anayejiita LocalThunk. Unapanga karata za poka upate alama, huku karata za Joker ulizonunua njiani zikikuvunjia hesabu zote. Niliicheza mbele za watu kwa kinyozi na mzee mmoja akaniuliza kama nimeanza kamari. Hapana, hakuna hela inayowekwa wala kutoka. Hata wakadiriaji wa umri wa Ulaya, PEGI, waliiweka kwenye 18, kisha mwaka 2025 wakaishusha hadi 12 baada ya rufaa. Ukiifunga ghafla, mchezo wako unaukuta. Tatizo lake ni moja: inakwisha chaji yako, si yake.

Kitu kingine kinachokula saa ya mtu ni pedi inayovuta, mchezaji anatembea peke yake bila kuguswa. Ukifungua pedi ya kawaida ya PS4 au PS5, pembeni ya kijiti kuna kifuniko kidogo. Ndani yake kuna kijisahani chenye mstari mweusi wa kaboni, na vijidole vya chuma vinavyosugua juu yake. Pedi inajua kijiti kimeelekea wapi kwa kupima umeme unaopita pale vidole vilipogusa. Vikisugua miezi na miezi, mstari unapata njia inayong'aa, vumbi la kaboni linatapakaa, na kipimo kinaanza kusema uongo. Spiriti inasaidia kwa muda mfupi, dawa ni kubadilisha. Viko vijiti vinavyotumia sumaku, hakuna kinachogusana ndani, hivyo njia hiyo ya kuchakaa haipo. Uliza kabla ya kulipa, na uhakikishe fundi anakiweka sawa kwa kompyuta baada ya kukichomelea. Kwa wa Raskazone na wote walio karibu na bahari: msiache pedi dirishani. Nazifungua nikikuta kutu ya kijani kwenye shaba.

Na kwa wenye PS4 na PS5, UPS ndogo ya kompyuta, lile boksi la betri linaloshika umeme ukikatika, inatosha. Haitakupa usiku mzima, itakupa dakika chache za kusevu na kuzima kwa heshima. PS5 ikicheza inaweza kula kama wati 200, kwa hiyo usichomeke feni na pasi humo humo.

Wanaoniuliza kuhusu GTA VI nawajibu kwa kuwakumbusha GTA V ya mwaka 2013: ukiwa katikati ya misheni umeme ukakatika, misheni yote unaianza mwanzo. Wakiniambia hii mpya imerekebisha hilo, nitaanza kutafuta hela.