White Sox na vipigo 121: yanayosemwa na yaliyotokea

Tarehe 27 Septemba 2024, mjini Detroit, Chicago White Sox walifungwa 4-1 na Tigers, na hicho kikawa kipigo chao cha 121 msimu huo. Tangu 1901, mwaka ambao wenye besiboli huanzia kuhesabu rekodi za kisasa, hakuna timu ya ligi kuu ya Marekani, MLB, iliyokuwa imepoteza mechi nyingi kiasi hicho. Rekodi waliyoivunja, vipigo 120 vya New York Mets, ilikuwa imedumu tangu 1962. Usiku uleule Tigers walikuwa wakishangilia kufuzu hatua ya mtoano, jambo walilolikosa tangu 2014.

Tangu hapo White Sox wamegeuka utani wa kila mtu, hata wa wasiojua mrushaji anasimama wapi uwanjani. Utani wenyewe hauna ubaya. Tatizo ni maneno yasiyo ya kweli yanayosafiri nao, kwa sababu yanamfanya msikilizaji amtazame mtu asiyehusika. Kwa maoni yangu timu hii haikuharibikia uwanjani. Iliharibikia ofisini, na haikuanza kuharibika mwaka huo.

"Ndiyo timu mbovu kuliko zote zilizowahi kucheza"

Kwa hesabu ya vipigo tangu 1901, sawa. Kwa vipimo vingine, taratibu kwanza. White Sox walishinda 41 kati ya mechi 162, sawa na asilimia 25.3. Mets wa 1962 walishinda 40 na kupoteza 120, yaani asilimia 25 kamili. Philadelphia Athletics wa 1916 walikuwa chini zaidi: ushindi 36, vipigo 117. Na msimu mmoja tu baadaye, Colorado Rockies wakamaliza 2025 na vipigo 119. Rekodi hawakuifikia, lakini tofauti yao ya mikimbio, ambayo katika besiboli ndiyo magoli, ilikuwa hasi 424, na hakuna timu ya zama hizi iliyowahi kuwa na mbaya zaidi. Ya White Sox ilikuwa hasi 306.

Ukirudi nyuma ya 1901 utakutana na kisa cha Cleveland Spiders wa 1899: ushindi 20, vipigo 134. Wamiliki wake, ndugu wawili wa ukoo wa Robison, walikuwa wamenunua pia timu ya St. Louis. Wakaona kule kuna biashara nzuri zaidi, wakahamishia huko nyota wao, akiwemo mrushaji Cy Young, ambaye tuzo ya mrushaji bora wa mwaka inaitwa kwa jina lake hadi leo. Cleveland ikaachiwa makapi. Mashabiki wakasusa, na timu nyingine zikagoma kwenda kucheza huko kwa kuwa mgawo wa viingilio haukulipa hata gharama za safari. Spiders wakamalizia msimu wakitangatanga ugenini, ambako walipoteza mechi 101. Msimu ulipokwisha timu ikafutwa. Nao waliuliwa na ofisi, tena mchana kweupe.

"Aliyepoteza mechi 121 hajui kushinda"

Hii husemwa zaidi na sisi tuliolelewa na soka, ambako bingwa anaweza kumaliza ligi amefungwa mara mbili tu. Besiboli ya MLB ni mechi 162 ndani ya miezi sita, karibu kila siku. Seattle Mariners wa 2001 walishinda 116, idadi ambayo haijawahi kupitwa na timu yoyote, na bado walifungwa mara 46. Wala hawakufika fainali, ile World Series. Los Angeles Dodgers, mabingwa wa mwaka huohuo wa 2024, walipoteza mechi 64 za msimu wa kawaida.

Kwa hiyo ubovu wa timu hauonekani katika mechi moja, unaonekana katika rundo la mechi. White Sox walianza kwa ushindi 3 na vipigo 22. Mwishoni mwa Mei wakaanza kufungwa mfululizo, mechi 14. Kuanzia tarehe 10 Julai hadi 5 Agosti wakafungwa 21 mfululizo, wakaifikia rekodi ya American League, mojawapo ya ligi mbili zinazounda MLB, iliyowekwa na Baltimore Orioles mwaka 1988. Kisha, kama kutukumbusha mchezo huu ulivyo, wakashinda tano kati ya sita za mwisho wa msimu.

"Klabu ilikuwa fukara"

Hapana. Chicago ni mojawapo ya miji mikubwa kabisa ya Marekani, na mshahara wa kikosi kile ulizidi dola milioni 100. Mwenye mishahara midogo kuliko wote mwaka ule alikuwa Oakland Athletics, naye alishinda mechi 69, ishirini na nane zaidi ya White Sox. Ni Oakland hao hao waliofungwa 5-1 tarehe 6 Agosti, siku White Sox walipofikia mwisho wa ule mkosi wa mechi 21.

Hela ilikuwepo. Ilikwenda wapi ni swali lingine. Mkataba mkubwa kuliko wote katika historia ya klabu hiyo wakati ule ulikuwa wa Andrew Benintendi, dola milioni 75 kwa miaka mitano. Ni mchezaji mzuri wa kawaida, lakini si mtu wa kujengea timu.

"Walianguka ghafla"

Hapa ndipo penye uhondo, na ndipo wengi hawafiki.

Mwaka 2021 White Sox walikuwa mabingwa wa kanda yao kwa ushindi 93. Mwaka uliofuata wakashinda 81 na kupoteza 81. Mwaka 2023 wakapoteza 101. Halafu 121. Huko si kuanguka ghafla, ni kushuka ngazi moja baada ya nyingine mchana watu wakitazama.

Mzizi wenyewe uko nyuma zaidi, Desemba 2016. Klabu ilimuuza mrushaji wake bora, Chris Sale, kwa Boston Red Sox, ikachukua chipukizi, wakiwemo Yoán Moncada na Michael Kopech. Miezi michache baadaye ikamuuza José Quintana kwa majirani zake Cubs, timu nyingine ya Chicago, na kuwapata Eloy Jiménez na Dylan Cease. Mpango ulikuwa huu: tuvumilie miaka ya shida, hawa vijana wakikomaa tutatawala. Na vijana kweli walikomaa, ndiyo maana ya zile 93.

Lakini katika kipindi ambacho timu ilihitaji kocha anayeendana na vijana, mmiliki Jerry Reinsdorf, ambaye ndiye pia mwenye Chicago Bulls, alimleta Oktoba 2020 rafiki yake Tony La Russa. La Russa ni gwiji, hilo halina ubishi. Ila alikuwa na umri wa miaka 76, na hakuwa ameongoza timu tangu 2011. Aliondoka 2022 kwa sababu za kiafya. José Abreu, mchezaji bora wa ligi mwaka 2020, mkataba wake ulipokwisha akaenda Houston. Majeraha yakawaandama Jiménez, Moncada na Luis Robert kila msimu, na nyuma yao hapakuwa na akiba, maana timu za vijana hazikuwa zikitoa watu wa kuziba pengo. Agosti 2023 Reinsdorf aliwafukuza Kenny Williams na Rick Hahn, viongozi waliodumu miaka mingi, akampandisha Chris Getz, aliyekuwa akisimamia hizohizo timu za vijana. Uamuzi huo wengine mpaka leo hawajauelewa, nami nimo.

Tazama sasa yale ya 2024. Cease aliuzwa kwa San Diego Padres mwezi Machi. Tarehe 25 Julai, waajiri wake wa zamani wakiwa katikati ya ule mkosi wa mechi 21, alirusha mechi nzima dhidi ya Washington bila mpigaji hata mmoja kupata pigo halali. Kopech aliuzwa kwa Dodgers mwisho wa Julai, na kufikia Oktoba alikuwa bingwa. Moncada alicheza mechi 12 tu. Na Chris Sale, yule wa 2016, akiwa Atlanta na umri wa miaka 35, akatwaa tuzo ya Cy Young ya National League, ile ligi nyingine ya MLB. Ukitaka kujua vipigo 121 vilitoka wapi, fuata majina hayo manne.

"Kocha ndiye aliyewaponza"

Pedro Grifol alitimuliwa tarehe 8 Agosti akiwa na ushindi 28 na vipigo 89. Grady Sizemore, aliyeshika nafasi kwa muda, alimaliza na 13 kwa 32. Kidogo afadhali, lakini kwa mwendo ule wa Sizemore kwa msimu mzima bado ungepata timu ya vipigo 115. Grifol hakuwa kocha mzuri pale Chicago, simtetei. Lakini kikosi chake kilifunga mikimbio 507 kwa msimu, mitatu na ushee kwa mechi, na kikafungwa 813. Kocha gani angelitibu hilo kwa maneno ya chumba cha kubadilishia nguo?

"Ilikuwa laana, au bahati mbaya tu"

Laana inayotajwa ni ya 1919, wachezaji wanane wa White Sox walipotuhumiwa kuuza World Series kwa wacheza kamari, wakafungiwa maisha. Kama laana ilikuwepo, ilikwisha 2005, timu ilipotwaa ubingwa kwa kuifunga Houston mechi nne bila.

Bahati mbaya, naam, ilikuwepo. Tarehe 23 Mei 2024, wakicheza na Orioles nyumbani, walikuwa nyuma 8-6 katika zamu ya tisa, ya mwisho, wakimbiaji wawili wakiwa kwenye kambi, vile vituo ambavyo mkimbiaji huvipitia ili afunge, na mmoja tu ametolewa. Benintendi akaupiga mpira ukapaa juu, karibu. Kwa kanuni, mpira wa namna hiyo ukipaa ndani ya eneo la kambi katika hali ile, mpigaji anahesabiwa ametoka hapohapo, hata kabla haujadakwa. Andrew Vaughn, aliyekuwa kambi ya pili, akawa anarudi kambini kwake, na Gunnar Henderson wa Orioles akawa anautafuta mpira njia ileile. Wakapishana. Henderson aliudaka bila shida, lakini mwamuzi akaamua Vaughn amemzuia, naye atoke. Wawili wakatoka kwa pigo moja, mechi ikaisha. Mashabiki walibaki wamesimama hawajui kama waondoke au wasubiri.

Ila ukipiga hesabu inayotumiwa na wachambuzi, ya kukadiria ushindi kutokana na mikimbio iliyofungwa na kufungwa, White Sox walistahili kushinda mechi 48. Bahati mbaya iliwanyima saba. Bila hiyo wangepoteza 114, na bado tungekuwa tunawazungumza.

"Mrushaji mwenye vipigo 12 ni mrushaji mbovu"

Garrett Crochet alimaliza na ushindi 6 na vipigo 12, na kuna watu walimcheka. Mtu huyohuyo aliwatoa wapigaji 209 kwa straiki tatu, yaani bila kuupiga mpira vizuri, ndani ya zamu 146, na aliitwa kwenye mechi ya nyota wote. Ule ulikuwa msimu wake wa kwanza kuanza mechi katika ligi kuu, kwa hiyo kuanzia Julai klabu ilimpunguzia kazi, akawa anarusha zamu nne hivi au chini ya hapo. Kanuni inataka mrushaji anayeanza afikishe zamu tano ndipo ushindi uandikwe kwa jina lake. Angeupata wapi? Desemba naye akauzwa, kwa Boston. Ndiyo, Boston tena.

"Mashabiki waliikimbia"

Baadhi. Lakini Septemba 24, kipigo kimoja kikiwa kimebaki kuivunja rekodi, watu walikuja uwanjani kushuhudia historia, na White Sox wakaharibu sherehe kwa kutoka nyuma na kuwafunga Angels 3-2. Jukwaani kilisikika kibwagizo kimoja: "Uza timu!" Hawakuwa wakiwazomea wachezaji. Walijua anayetakiwa kusikia amekaa wapi.

Na kwa wanaodhani hakuna mtu wa maana anayeishabikia timu hii: Papa Leo XIV alipochaguliwa Mei 2025, kwanza ilivumishwa kuwa ni wa Cubs. Ndugu yake akasahihisha haraka. Ni White Sox, na picha za televisheni za fainali ya 2005 zinamwonyesha amekaa jukwaani.

"Walifungwa makusudi wapate chipukizi wa kwanza"

MLB haina kushuka daraja. Timu ikivuta mkia, mwakani inacheza ligi ileile, na kwa kawaida inatangulia kuchagua vijana wapya. Ndiyo maana dhana hii inaingia akilini haraka. Lakini tangu makubaliano mapya ya 2022 nafasi sita za kwanza hupatikana kwa bahati nasibu, na klabu za miji mikubwa zinazochangia mfuko wa kugawana mapato haziruhusiwi kuingia humo miaka miwili mfululizo. White Sox walikuwa wamechagua wa tano mwaka 2024. Kwa hiyo vipigo 121 viliwapa, mwaka 2025, nafasi ya kumi. Wa kwanza wakawa Washington, waliopoteza mechi 91.

Mwaka 2025, chini ya kocha Will Venable, walipoteza 102, nafuu ya mechi 19. Desemba hiyo bahati nasibu ikachezeshwa tena, safari hii wakiruhusiwa kuingia, nao wakashinda nafasi ya kwanza ya 2026. Rockies na vipigo vyao 119 walikuwa wameshatumia zamu zao za kuingia kwenye bahati nasibu, wakapelekwa nafasi ya kumi.