Eti Serie A ni ligi ya kupaki basi?

Kila tukibishana mpira lazima mtu aseme Italia hakuna magoli, wanazuia tu dakika 90, ukitaka burudani angalia EPL, ligi kuu ya Uingereza. Jamani hii stori ni ya zamani sana, enzi za katenacho, ule mfumo wa Waitalia wa kujilinda sana, za miaka ya 60, watu wameirithi tu bila kucheki namba.

Chukua msimu wa 2020-21. Serie A yalifungwa magoli 1,163 kwenye mechi 380, yaani wastani wa 3.06 kwa mechi, wakati Uingereza kwa idadi hiyohiyo ya mechi 380 yalipatikana 1,024 tu, wastani 2.69. Na msimu wa kabla yake Atalanta ya kocha Gasperini ilitupia 98 ikamaliza ya tatu, Liverpool waliobeba ubingwa kule kwao walikuwa na 85!

Halafu kuna kosa lingine linaniuma kweli, watu kulinganisha jumla ya magoli. Bundesliga 2020-21 ilikuwa na 928, ukiangalia harakaharaka utasema Wajerumani wako chini ya Waingereza, kumbe wao wana timu 18 kwa hiyo mechi ni 306, gawanya unapata 3.03.

Ila namba nazo zinageuka, 2023-24 EPL ilipanda hadi 3.28 na Serie A ikashuka 2.61. Kwa hiyo ukitaja ligi taja na msimu, na hata hapo wastani wa magoli haukuambii timu inakaba juu, karibu na goli la mpinzani, au inasubiri nyuma, hilo utaliona kwenye pasi wanazomruhusu mpinzani kabla hawajamvamia.