Mchana anavuka ubao, magharibi hawezi

Mama mmoja wa Old Moshi, Kilimanjaro, alikuja kwangu kwenye mazoezi tiba miezi mitatu baada ya kuugua UVIKO. Hakulazwa wala hakuwekewa oksijeni. Alikohoa, akalala ndani siku kumi na mbili, akajifukiza nyungu kama wengi wetu, akapona. Kilichomleta ni ubao. Akienda kukata majani ya ng'ombe huvuka mfereji kwa ubao mmoja uliolazwa juu ya maji, na ameuvuka tangu alipoolewa, mzigo kichwani. Mchana bado anauvuka vizuri tu. Jua likizama, miguu inagoma.

"Mwanangu, napepesuka kama nimekunywa mbege," aliniambia, "na mimi hata tone sinywi." Majirani walishaanza kuchekacheka.

Nilimwomba avue ndala, abananishe miguu, akunje mikono kifuani, anitazame. Sekunde 30 alisimama imara. Nikamwambia, "Sasa mama, fumba macho." Sijafika saba kuhesabu, alikuwa begani kwangu.

Kipimo hicho kina jina la Moritz Romberg, daktari Mjerumani wa karne ya 19, aliyeeleza habari za wagonjwa walioharibika uti wa mgongo, ambao waliyumba mara tu walipofumba macho. Hakihitaji mashine wala umeme, na kwa hapa kwetu hilo si jambo dogo.

Mwili husimama kwa taarifa kutoka pande tatu. Macho yanasema upeo uko wapi. Nyayo, vifundo vya miguu na shingo vinasema ardhi imeinamaje na kichwa kimekaaje. Sikio la ndani nalo, kila upande, lina mifereji mitatu midogo yenye majimaji. Ukigeuza kichwa, majimaji yale huchelewa kidogo kufuata, na neva inapeleka habari hiyo kwenye ubongo. Ubongo unalinganisha zote tatu, na misuli inarekebisha msimamo kabla hujajua kwamba uliyumba.

Virusi vinaweza kuvuruga mpango huu kwa njia zaidi ya moja. Neva ya msawazo ikivimba upande mmoja, nyumba inazunguka, unatapika, unashika ukuta siku kadhaa. Hiyo hutokea hata baada ya mafua ya kawaida. Lakini iko hali ya kimyakimya, kama ya mama huyu: hakuna kuzunguka, ila taarifa za sikio na za miguu zimefifia, na paja na kigimbi vimenywea kwa kulala. Kwa mtu mzima wa miaka sitini na kitu, siku kumi kitandani zinatosha kabisa kupunguza nguvu za miguu. Ubongo hapo unajishikiza kwenye macho. Mchana hugundui lolote. Giza likiingia, au TANESCO wakikata umeme, umebaki huna pa kujishikiza.

Nalijua hili kwa mwili wangu. Mwaka 2021, wiki ya tatu tangu nipone, nilikuwa nanawa uso, sabuni machoni, nikajikuta nimegonga paji la uso kwenye bomba. Mtaalamu wa mazoezi tiba, kaangushwa na sabuni! Sikumwambia mtu kazini.

Kinachoniudhi ni vidonge. Mama alikuwa amepewa dawa ya kizunguzungu kwenye zahanati fulani na kuimeza wiki nane mfululizo. Siku mbili tatu za kwanza, mtu anapotapika, dawa hizo zina kazi yake. Zikiendelea, zinausinziza ubongo wakati ule ule unaotakiwa ujifunze upya. Ubongo hujifunza kwa kuyumbishwa kidogo na kujirudisha, haujifunzi kwa kutulizwa. Nilimrudisha kwa aliyemwandikia, wakaziachisha pamoja.

Zoezi tulilompa ni la kona ya chumba: mgongo kwenye kona, kiti mbele, mtu karibu. Miguu pamoja, macho wazi, kisha yamefumbwa. Wiki ya pili, hivyo hivyo juu ya godoro lililokunjwa, maana ulaini wake unazinyima nyayo taarifa. Kisha kuikazia macho tarehe moja kwenye kalenda ya ukutani huku akigeuza kichwa kushoto na kulia, bila tarehe kupotea. Dakika chache, mara tatu kwa siku. Kizunguzungu kidogo kikija wakati wa zoezi, ndicho tunachokitaka. Ukiamka kesho yake umechoka kama uliyelima shamba zima, umezidisha, punguza.

Wengine giza linalowajia ni la kusimama ghafla tu: presha inashuka. Hao waketi ukingoni mwa kitanda dakika moja kabla ya kuinuka, na wakapimwe presha wakiwa wamelala na wakiwa wamesimama. Ila ukiona mdomo umepinda, maneno hayatamkiki, mkono mmoja hauna nguvu, vitu vinaonekana viwili au sikio limeziba ghafla, achana na kona ya chumba, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Wiki ya saba mama alifumba macho sekunde 30 akiwa juu ya godoro, akacheka mwenyewe. Nikamuuliza habari za ubao.

"Nauvuka hata magharibi," alisema. "Ila mzigo nampa mjukuu."

Mzigo tutaufanyia kazi Jumanne. Nimemwambia aje na kata yake ya kichwani na ndoo.